Mgema Aliyesifiwa: Safari ya Liverpool na Albamu ya Dazzle Ships

Mwezi Machi 1983 kundi la Orchestral Manoeuvres in the Dark, ambalo mashabiki wake huliita OMD kwa kifupi, lilitoa albamu yake ya nne, Dazzle Ships. Mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma, vijana hao wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza walikuwa wametoa Architecture & Morality, albamu iliyouzwa kwa mamilioni na kutoa nyimbo tatu zilizoingia tano bora za nchi yao: "Souvenir", "Joan of Arc" na "Maid of Orleans". Huo wa mwisho ndio uliouzwa kuliko santuri zote za wimbo mmoja mmoja huko Ujerumani Magharibi mwaka 1982. Wasikilizaji wakakaa mkao wa kula. Walichoandaliwa kilikuwa sauti za redio za masafa mafupi, saa za simu zinazotaja wakati kwa lugha mbalimbali, honi za meli, na katikati ya vyote hivyo nyimbo chache zenye mwanzo na mwisho. Andy McCluskey, mwimbaji na mpiga besi wa kundi, amesema mara nyingi tangu siku hizo kwamba walipoteza sehemu tisa kati ya kumi za wanunuzi wao.

Mimi niliipenda albamu hiyo kabla sijajua kwamba ilikuwa imekataliwa. Kaseti yake niliiona kwenye meza ya muuza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, nikainunua kwa sababu ya jalada, na nikaisikiliza mpaka ukanda ukaanza kulegea. Baadaye, niliposoma katika majarida jinsi ilivyopokelewa, nilishangaa. Je, watu wale walisikia kitu gani ambacho mimi sikukisikia? Au mimi nilisikia nini ambacho wao kiliwapita? Mjomba wangu, baharia mstaafu aliyehamia Liverpool miaka mingi iliyopita, alikuwa akinialika kila tunapozungumza kwa simu. Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza, nilijua swali ninalolibeba. Nilitaka kuwasikia walioinunua wakati ule, katika mji ambao bandari yake ndiyo iliyoipa albamu jina.

Treni ya Liverpool huondoka London katika stesheni ya Euston, na safari huchukua saa mbili na ushei. Nilikuwa nimeamua kwamba njiani nitasikiliza Architecture & Morality peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho, ili nifike na masikio ya mtu wa 1983 anayeisubiri albamu inayofuata. Nje ya dirisha kulikuwa na mashamba ya kijani yaliyogawanywa kwa nyua za miti mifupi, kondoo, mifereji yenye mashua nyembamba, na mawingu yaliyokaa chini sana.

Watu wengi huikumbuka albamu hiyo kwa kwaya yake. "Souvenir" inaanza kwa sauti za waimbaji zilizorekodiwa kwenye kanda, kisha kanda hizo zikafungwa mwisho kwa mwanzo ili zizunguke bila kukoma. Paul Humphreys, mwenzake McCluskey kundini, anaimba juu yake kwa sauti laini ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Katika "Maid of Orleans" kuna Mellotron, kinanda ambacho kila kibonye chake huchezesha kipande cha ukanda wenye sauti ya ala au ya kwaya. Hivi vyote ni vitu vya kuvutia, na nilivifurahia tena. Lakini nilipoisikiliza kwa makini nikagundua jambo ambalo wanaoilinganisha na mwenzake hawalitaji sana: albamu hii iliyovuma nayo haikuwa rahisi. Inafungua kwa "The New Stone Age", wimbo wa gitaa linalokwaruza na sauti ya mtu aliyepaniki. Katikati yake kuna "Sealand", wimbo wa dakika zaidi ya saba ambao maneno yake ni machache mno. Aliyenunua albamu kwa ajili ya "Souvenir" alipewa pia mambo magumu kuyameza, na akayameza, kwa sababu kwaya ilikuwa karibu kila mahali ikimshika mkono.

Treni ilipovuka mto Mersey kwenye daraja la Runcorn, maji yalikuwa ya rangi ya udongo na yamepwa, tope likimeremeta pembeni. Muda si mrefu tukaingia Lime Street.

Ukitoka stesheni ya Lime Street, jengo la ukumbi wa Empire liko hapohapo, ng'ambo ya barabara. Niliusogelea mlango wake kabla hata ya kumtafuta mjomba. Tarehe 11 Septemba 1975 kundi la Kijerumani la Kraftwerk lilipiga muziki humo, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa McCluskey, kijana wa miaka 16. Mpaka leo hutaja namba ya kiti alichokalia, Q36. Wanaume wanne waliovaa suti, wamesimama mbele ya mashine, bila gitaa wala nywele ndefu. Kwake huo ulikuwa mwanzo wa kila kitu. Mwaka huohuo Kraftwerk walitoa Radio-Activity, albamu iliyojaa mawimbi ya redio, miluzi ya mitambo na sauti zilizokatwakatwa. Yeyote anayesema Dazzle Ships ilitoka hewani hajaitazama Empire. Mbegu ilikuwa ndani ya kijana huyo miaka minane kabla ya mavuno kuwakera wanunuzi.

Mjomba alinikuta nimesimama palepale.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umefika salama? Huko Tanga hawajambo?"

Nilimjibu kwamba hawajambo, wanamsalimu, na mama amemletea karafuu na kanzu. Alizipokea kwa mikono miwili, akaninusisha zile karafuu kana kwamba si mimi niliyezileta. Tukapanda basi hadi Toxteth, mtaa ambao mabaharia kutoka Afrika na Uarabuni wameishi na kulea watoto kwa vizazi kadhaa. Kwake nilikuta pilau, kachumbari na chai ya tangawizi, na kwenye kabati la vitabu redio kubwa ya masafa mafupi ambayo bado aliipangusa vumbi kila Ijumaa.

Baada ya kula nilimweleza kilichonileta. Hakulijua kundi hilo kwa jina. Aliwahi kulisikia tu katika "Enola Gay", wimbo wao wa 1980 kuhusu ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, uliokuwa ukipigwa kila mahali meli yake ilipotia nanga. Alisikiliza maelezo yangu yote kuhusu albamu iliyovuma na ile iliyoangusha mauzo, kisha akasema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Si ndivyo?"

Nikamwambia hilo ndilo waliloamini wengi. Akaniambia basi tuisikilize.

Albamu inafungua kwa "Radio Prague": sauti za tarumbeta za kituo cha redio cha Chekoslovakia, kisha watangazaji. Haijafika hata dakika moja na nusu. Mjomba alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini. "Hii naijua," akasema. "Hii ni Praha. Usiku, ukitafuta London unaipitia hii." Hakuwa akisema kwa kubahatisha. Alipokuwa melini, kila baharia aliyemudu alikuwa na redio yake chini ya kitanda, na kuitafuta sauti ya nyumbani kulimaanisha kuzungusha kidude polepole ukipita lugha zisizojulikana, milio ya kuashiria vituo, muziki wa kijeshi na ukelele wa hewa tupu, mpaka uangukie Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Sauti ya Ujerumani.

Nami nilikumbuka sebule ya baba. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisubiri ngoma za Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari, au tukimwona mzee akiegemeza sikio kwenye redio iliyofungwa waya wa antena hadi mwembeni, tuliifahamu sauti ya dunia inayofika ikiwa imechanika. Kwetu mkwaruzo ule haukuwa hitilafu. Ulituambia kwamba habari imetoka mbali. Usiku ule, Toxteth, ndipo nilipopata nusu ya jibu langu: nilipoinunua ile kaseti nilikuwa tayari nina masikio yake, na mafunzo ya masikio hayo nilikuwa nimeyapata bila kujua, kwa miaka, pembeni ya baba.

Tuliendelea. "Genetic Engineering" inatumia sauti ya kifaa cha kuchezea cha kielektroniki cha kufundishia watoto tahajia, lakini chini yake kuna wimbo mzima wenye kiitikio kinachorukaruka. "International" inaanza kwa taarifa ya habari kuhusu msichana wa Nicaragua aliyekatwa mikono, kisha McCluskey anaimba kwa uchungu usiofichika. Mjomba alisikiliza huo akiwa ameinamisha kichwa. "Telegraph" alitaka turudie. Tulipofika "Time Zones", ambamo sauti za saa za simu za nchi mbalimbali zinataja wakati zikipandana, alicheka kwa furaha. Akaniambia kwamba melini, mkivuka bahari kubwa, saa ya ukutani ilikuwa ikisogezwa mbele au nyuma usiku mkiwa mmelala, na kwamba yeye alikuwa na saa mbili: moja ya meli, na nyingine aliyoiacha ikifuata saa za Tanga ili ajue muda ambao mama yake anaswali. "Hawa vijana," akasema, "walipata wapi jambo hili, nao hawakuwa mabaharia?"

Kesho yake asubuhi tulikwenda bandarini kutafuta jibu.

Mbele ya mto Mersey yamesimama majengo matatu makubwa ambayo wenyeji wanajivunia, la Royal Liver la mwaka 1911 likiwa na ndege wawili wa shaba juu ya minara. Kusini kidogo kuna Makumbusho ya Liverpool, na baada yake chelezo za zamani za Canning, ambamo meli ziliingizwa, maji yakatolewa na mafundi wakashuka kuzikwangua. Katika chelezo moja imekaa Edmund Gardner, meli iliyojengwa mwaka 1953 kwa ajili ya marubani wa bandari, wale wanaopanda meli za wageni na kuziongoza kuingia. Mwaka 2014 msanii wa Venezuela, Carlos Cruz-Diez, aliifunika kwa mistari ya rangi kutoka omo hadi tezi, kwa kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mistari hiyo ina historia yake. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za Uingereza kwa wingi wa kutisha, na kuificha meli baharini hakuwezekani: moshi wake huonekana, na rangi ya anga hubadilika kila saa. Norman Wilkinson, mchoraji aliyekuwa jeshini majini, akaja na rai kwamba meli isifichwe bali ichorwe kwa namna ya kumkanganya adui. Nahodha wa nyambizi alipaswa kukadiria kwa darubini meli inaelekea upande gani na kwa kasi gani, ndipo afyatue topido kwenda mahali meli itakapokuwa. Pembe kali, mistari iliyovunjika na mawimbi ya uongo vilimfanya asijue omo ni ipi. Zaidi ya meli 2,000 zilipakwa rangi hivyo Uingereza, na hapa Liverpool kazi hiyo ilisimamiwa na mchoraji Edward Wadsworth. Mwaka 1919 Wadsworth alichora picha kubwa, ya urefu wa mita tatu hivi, ya meli za namna hiyo zikiwa ndani ya chelezo cha Liverpool. Picha yenyewe imehifadhiwa Ottawa, Kanada. Peter Saville, msanii aliyebuni majalada ya OMD tangu santuri yao ya kwanza, ndiye aliyewapa jina Dazzle Ships kutokana na picha hiyo, na jalada la awali likakatwa matundu yanayoonyesha rangi ya karatasi ya ndani.

Nilisimama ukingoni mwa chelezo nikaitazama Edmund Gardner kwa muda mrefu. Ukiwa karibu unaona kila kitu: misumari ya chuma, rangi iliyoanza kuchubuka karibu na nanga, mstari wa kijani unaopita juu ya dirisha la duara na kuendelea upande wa pili bila kujali kuwa pale kuna dirisha. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, umbo linaanza kukuponyoka. Mlingoti unaonekana kuinama. Niliweka hedifoni masikioni nikausikiliza wimbo unaofungua upande wa pili wa albamu, "Dazzle Ships (Parts II, III and VII)": mlio wa kifaa cha nyambizi cha kupima umbali chini ya maji, honi nzito ya meli, kengele, mtambo unaopumua. Nyumbani niliusikia kuwa ni kipande cha kupita tu kuelekea nyimbo. Mbele ya chelezo niliusikia upya, kwa sababu hewa ile ilikuwa na honi za kweli na shakwe wa kweli, na mjomba pembeni yangu alikuwa akitaja kila mlio ni wa nini. Vijana waliokulia ng'ambo ya mto huu hawakuhitaji kuwa mabaharia. Walikuwa watoto wa mlango wa bandari. Baba yake McCluskey alifanya kazi katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Stanlow, kilicho jirani na mto huohuo, na kundi lilikwisha kukitungia wimbo katika albamu yao ya pili.

Mchana tuliingia katika duka la santuri katikati ya mji. Mwenye duka, mtu wa makamo, alicheka niliposema nimetoka Tanzania kuuliza kuhusu Dazzle Ships, lakini ilikuwa kicheko cha ukarimu, na aliacha kupanga santuri zake ili anijibu vizuri. Aliinunua wiki ilipotoka, akiwa bado shuleni, kwa pesa alizokuwa ameziweka. Alikuwa amekariri Architecture & Morality yote. Alipoweka sindano akasikia tarumbeta na watangazaji, akadhani santuri imechapwa vibaya kiwandani. Hoja yake haikuwa kwamba kelele ni mbaya. Alisema albamu ina dakika 35 hivi, na ndani ya hizo vipande vya redio na mashine vinachukua nafasi kubwa. Nyimbo mbili katika hizo zilizobaki, "The Romance of the Telescope" na "Of All the Things We've Made", zilikuwa tayari zimetoka kwenye upande wa pili wa santuri za "Joan of Arc" na "Maid of Orleans", ambazo shabiki wa kweli alikuwa nazo nyumbani. Na "Radio Waves" ilikuwa wimbo wa kundi lao la zamani. Mtoto wa shule aliyetoa akiba yake yote, aliniambia, alikuwa na haki ya kuuliza nyimbo mpya ziko wapi.

Hoja hiyo ni nzito na ninaikubali. Kundi lilikuwa limetoa albamu tatu katika muda usiozidi miaka miwili, likazunguka nchi nyingi, na kisima kilikuwa kimepungua maji. Anayeitetea Dazzle Ships akilificha hilo haitendei haki.

Lakini kijana aliyekuwa akipekua masanduku ya santuri karibu nasi aliingilia, kwa adabu. Yeye alizaliwa miaka mingi baada ya 1983, na albamu hii ndiyo aliyoanza nayo; Architecture & Morality aliisikia baadaye na akaiona nzuri ila tulivu mno. Kwake vipande vya redio ndivyo vinavyozifanya nyimbo ziume. Unatoka kwenye sauti baridi za "ABC Auto-Industry", inayotaja roboti za viwanda vya magari, na ghafla mwanadamu anaimba, nawe unamsikia mwanadamu huyo kwa uzito ambao usingekuwepo angeanza tu kuimba. Alitaja pia mwaka wenyewe. Machi ileile Ronald Reagan aliuita Umoja wa Kisovieti dola ya uovu, na makombora ya Marekani yalikuwa njiani kuletwa Uingereza. Albamu iliyoweka sauti za Ulaya Mashariki sebuleni kwa Waingereza wakati huo, alisema, ilikuwa imefungua dirisha ambalo serikali zilitaka libaki limefungwa.

Wawili hao walibishana mbele yangu kwa heshima kubwa, na nilichokiona ni kwamba walikuwa wakikubaliana kuhusu karibu kila kitu kilichomo kwenye santuri. Walitofautiana kuhusu kilichokuwa masikioni mwao kabla sindano haijashuka.

Siku iliyofuata nilipanda treni peke yangu kwenda Meols, kijiji cha pwani katika rasi ya Wirral ambako McCluskey na Humphreys walijuana wakiwa shule ya msingi. Treni inaingia chini ya Mersey kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1886, inatokea Birkenhead, inapita Bidston na Moreton, na mara unanusa chumvi. Meols ni mahali pa nyumba za matofali, bustani ndogo na upepo. Kivutio cha mashabiki ni kibanda chekundu cha simu ya umma, karibu na baa. Walipoanza kundi hawakuwa na ofisi wala simu ya kazi, kwa hiyo walitumia kibanda hicho, wakakitungia wimbo, "Red Frame/White Light", na kuitaja namba yake ndani ya wimbo.

Nilimkuta hapo mama mmoja mwenye umri wa kunizaa, akimsubiri mbwa wake amalize kunusa nguzo. Aliponiona napiga picha kibanda alijua mara moja. Aliniambia kwamba alipokuwa msichana "Souvenir" ulikuwa wimbo wa mapenzi yake ya kwanza, na kwamba Dazzle Ships ilimuumiza. Alihisi watu aliowapenda wameacha kuzungumza naye. Hakuigusa tena kwa miaka mingi. Mwaka 2014 OMD walirudi nyumbani kupiga maonyesho ndani ya Makumbusho ya Liverpool, palepale jirani na Edmund Gardner, wakaziwekea sauti za albamu hiyo nafasi ya heshima. Alikwenda kwa sababu dada yake alikuwa na tiketi. "Silent Running" ulipoanza, aliniambia, alilia, maana aligundua kwamba hawakuwa wameacha kuzungumza naye. Walikuwa wakizungumza kuhusu hofu, naye wakati ule alikuwa akisikiliza mapenzi tu.

Nilitembea hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamepwa sana, mchanga ukienda mbali mpaka macho yachoke, na upande wa pili wa mlango wa mto Dee ilionekana Wales. Hapo nikaisikiliza Dazzle Ships mara nyingine, nzima, bila kuruka. Nilisikia nyimbo zaidi ya nilizokuwa nikizihesabu zamani. "The Romance of the Telescope" ina kwaya ileile waliyoililia watu, imepungua mwendo tu na kuongezwa huzuni. "Of All the Things We've Made" inarudia mdundo mmoja kwa utulivu na kufunga albamu bila madaha. Waliosema kundi limeacha hisia na kukumbatia mashine hawakufika mwisho wa upande wa pili.

Jioni nilimsimulia mjomba yote. Nikamuuliza kama bado anashikilia methali yake. Akafikiri, akasema kwamba mgema aliyesifiwa na kutia maji ni yule anayejua wateja watakunywa tu, hata wakipunjwa. Hawa walijua wateja wanataka tembo lilelile, na wangeweza kuwauzia lilelile kwa miaka. Wao walipanda mnazi mwingine. Tembo lake likawa kali, na kidogo, na wateja wakatema. "Mtu akikuletea kikali," akasema, "mwambie kikali. Usimwambie katia maji."

Kinachonisumbua mpaka leo ni kilichofuata. Nyimbo mbili zilizotolewa kwenye santuri ndogo, "Genetic Engineering" na "Telegraph", zilifika nafasi ya 20 na ya 42, wakati albamu yenyewe ilipanda hadi nafasi ya tano na kushuka haraka. Mwaka 1984 OMD walitoa Junk Culture, albamu ya kuchezeka yenye tarumbeta na jua, na "Locomotion" ikawarudisha tano bora. Miaka miwili baadaye "If You Leave", wimbo wa filamu ya Pretty in Pink, ukafika nafasi ya nne Marekani. Ni nyimbo nzuri, lakini hawakuthubutu tena kwenda mbali kiasi kile. Wasikilizaji wa 1983 walihukumu albamu moja, na hukumu yao ikapunguza ujasiri wa albamu zote zilizokuja baada yake. Hilo ni jambo zito kwa yeyote anayenunua, anayecheza au anayeandika kuhusu muziki, Liverpool au Dar es Salaam. Msanii husikia tunachosema, na hurekebisha mwendo wake.

Mei 2016 OMD walipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, wakazipiga Architecture & Morality na Dazzle Ships zote mbili kwa usiku mmoja. Ukumbi ulijaa, na watu waliketi wakasikiliza saa za simu zikitaja wakati kwa heshima ileile waliyoupa "Souvenir". Nadhani huo ndio utaratibu unaofaa kwa albamu yoyote inayofuata iliyovuma. Isikilizwe pamoja na mwenzake, kwa mpangilio, na msikilizaji ajiulize kwanza alikuwa anasubiri nini kabla hajasema hakukipata. Kwa maoni yangu, Dazzle Ships ina upungufu wa nyimbo mpya na haina upungufu wowote wa moyo. Ilitengenezwa na vijana waliosikia dunia inazungumza kwa pamoja kupitia redio, wakati wakubwa wao wakijiandaa kupigana, wakaona wajibu wao ni kuturudishia sauti hizo kama walivyozipata. Ningetoa sehemu kubwa ya nyimbo laini za miaka ile kabla sijaitoa hiyo.